Mkuba wa Makorora

Xiaobei, Guangzhou
7 Mei 2025

Shangazi yangu Chausiku,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie goti linasemaje, na kama kile kikohozi cha vumbi kimekuachia ulale. Ukiuliza ya kwangu, mimi mzima, ila tumbo siku hizi linanitangulia mlangoni, na nywele zinaondoka moja moja kama watu wanaotoka msibani bila kuaga. Miaka hamsini na mmoja imenikuta bado navaa mashati ya maua. Ungeniona ungenituma nikabadilishe.

Utashangaa kupata karatasi. Simu nimekupigia mara tisa toka Jumapili. Inaita, halafu inakatwa. Kwanza nikajiambia ni mtandao. Kisha nikajiambia uko juani, huoni jina la anayepiga. Sasa visingizio vimeniishia, nimenunua bahasha. Dullah wa mizigo, yule mzaliwa wa Chumbageni anayesafirisha makontena hapa Xiaobei, anakuja Tanga wiki ijayo na ameniahidi ataifikisha mkononi mwako, si kwa jirani.

Kazi inaendelea. Bado napiga tumba kwenye ule mkahawa wa ghorofa ya pili, Jumatano mpaka Jumapili. Wachina wanacheza salsa, Shangazi, na wanaicheza kweli, isipokuwa wanahesabu hatua kwa midomo kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Tuko watano kwenye bendi. Clément, Mkongo wa Lubumbashi, anapiga besi na kunisema siku nzima. Mimi nakaa katikati na tumba zangu tatu. Nimehesabu juzi: toka nianze kuitwa mpiga tumba ni miaka thelathini na moja. Minne Tanga, kumi na mmoja Dar es Salaam, mitano Maskati, kumi na mmoja hapa. Mahali pote hapo sijawahi kuwa mpigaji bora, ila sijawahi kuchelewa kazini, na wenye bendi hulipenda hilo kuliko kipaji.

Kuna jambo dogo. Jumamosi, maonyesho ya biashara ya Pazhou yalipokuwa yanakaribia kufunga, waliingia kina mama sita wa nyumbani, wachuuzi, wamechoka, wanacheka, wanauliza kama kuku ni halali. Walikaa meza ya mbele. Nilipofika ile sehemu ninayopiga peke yangu, waliacha kula. Wakatazamana. Mmoja akavuta mtandio akajifunika kichwa vizuri, na wengine wakafuata. Kisha wakainuka wote, sahani zimejaa.

Sijui kama wamefika Tanga. Sijui kama unawafahamu. Nilitaka tu kujua simu yako ina nini.

Mwanao,
Sufian


Makorora, Tanga
29 Mei 2025

Bwana Ramoni wa Havana,

Sijui Wakuba wanaamkiwa namna gani, kwa hiyo nasema marahaba, kama shikamoo ile ilikuwa yangu kweli. Goti liko palepale. Kikohozi kimeondoka. Simu haina kitu, nilikuwa naikata mimi.

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Siku zile nakwenda darasa la ngumbaru baba yako alinicheka, akaniuliza nitamwandikia nani. Leo namshukuru mwalimu, maana hii si barua ya kusomewa na mtoto wa mtu.

Hukuwa na haja ya kunieleza habari za kina mama sita. Video yao ilinifikia Jumapili asubuhi, kabla hujanunua bahasha. Aliyeniletea ni Fathiya, anayeshika ile ngoma ndogo, chapuo, ubavuni kwangu. Alikuja na simu ndani ya kanga kama aliyebeba kitu cha kuoza. Nikakuona. Umenenepa. Nikakusikiliza mpaka mwisho, na sikuhitaji kuambiwa unapiga nini, kwa sababu hiyo ngoma nimeipigia wari wa mji huu miaka arobaini na saba, na haijawahi kutoka nje ya ua.

Halafu nikamwona Shifa, binti wa marehemu Marijani fundi cherehani, anarudi peke yake mpaka jukwaani. Nikamsikia: "Kaka, hiyo ngoma umeitoa wapi?" Amekuuliza kwa adabu. Na wewe nikakuona unapandisha mabega, unamjibu kwa Kikuba chako. Nyuma yako kuna ubao una picha yako na maandishi. Wanaojua wamenisomea: eti Ramoni wa Havana, alifundishwa ngoma na babu yake. Babu yako, Sufian, ni baba yangu. Alikuwa karani wa stesheni ya reli hapa Tanga na alichukia kelele mpaka za majogoo.

Sasa sikia yaliyoko huku. Ngoma ya unyago kupigwa na mwanamume, hadharani, kwenye nyumba ya pombe, mbele ya watu wanaokula. Kina mama wanaulizana nani alifungua mdomo. Wanajua ni mimi niliyekulea. Wamesema nisiguse ngoma kubwa, msondo, mpaka wakae kikao, na watakaa baada ya Maulidi. Desemba shule zikifungwa kuna wari saba wa kuchezwa, na mmoja ni binti wa mdogo wako. Kama si mimi wa kumpigia huyo, sijui nilijifunza nimpigie nani.

Watu wawili tu duniani wanajua ulivyoipata. Mimi sijasema. Wewe umesema ni babu.

Shangazi yako,
Chausiku


Xiaobei, Guangzhou
17 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo, na ni yako, hakuna mwingine ninayemwamkia hivi. Idi Kubwa imepita, nimeswali nimesimama nyuma kabisa karibu na viatu. Nimefurahi kusikia kikohozi kimeondoka. Mengine uliyoyaandika nimeyasoma mara nyingi, mpaka Clément akaniuliza kama nimepata mchumba.

Acha nikueleze, si kwa kujitetea. Nilikuja huku mwaka 2014 toka Maskati, na kikundi cha watu wa Dar, mkataba wa miezi sita. Kikundi kikavunjika mwezi wa tatu. Wakala akanikalisha akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Mwafrika anapiga ngoma, Mkuba anapiga muziki." Akanipa shati na jina. Kikuba chenyewe, yaani Kihispania, ni maneno arobaini niliyoyashika kwenye santuri za zamani tulizokuwa tunaiga Tanga, bila kuelewa hata moja. Siku moja akaja Mkolombia anayekisema kweli, akanikumbatia, akaanza kuniuliza ya kwetu. Nikashika shavu nikajifanya jino linauma. Likauma wiki mbili, mpaka alipoondoka Guangzhou.

Hayo ni ya kuchekesha na nimeyacheka. Haya yanayofuata sijawahi kumwambia mtu.

Miaka mitatu nilipiga vizuri na hakuna aliyeinua kichwa kwenye sahani. Jumatano moja ya 2017, wateja wachache, mvua nje, zamu yangu ya kupiga peke yangu ikafika na sikuwa na kitu kichwani. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kulikokatazwa. Sikuuzuia. Shangazi, ukumbi mzima uliamka. Laoban, ndivyo wanavyomwita bosi huku, alitoka jikoni na vijiti vya kulia mkononi. Toka siku hiyo ikawa ndiyo alama yangu, kila siku ya kazi, watu wanaiomba. Miaka minane.

Nilijua ninachofanya. Sijasahau nilikuwa na miaka minane, mwenye chapuo akaumwa, ukasema hakuna mwingine. Ukanifungia stoo na debe la mafuta, ukaweka kiganja chako juu ya changu. Kisigino cha kiganja kwanza, vidole vifuate kama vimechelewa. Mpaka nikaweza. Ukanikalisha nyuma ya jamvi alasiri mbili, kina mama upande wa pili wakidhani ni yeye anapiga. Halafu ukaniapisha kwa msahafu kwamba sitaipiga mbele za watu maisha yangu yote. Niliishi na kiapo kile miaka thelathini na mitano, nikakivunja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na watu wanatazama samaki badala ya kunitazama mimi.

Na Shifa. Aliponiuliza, laoban alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nilimwelewa neno kwa neno. Hata lafudhi yake niliijua ni ya mtaa wetu. Nikajibu vile ulivyoona. Video inakatika hapo, kwa hiyo hukusikia yaliyofuata. Shifa aliwageukia wenzake mlangoni akasema, "Twendeni. Huyu si wa kwetu." Nikafurahi. Kwa muda wa kupumua mara mbili, Shangazi, nilifurahi kwamba nimefaulu. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, si lile jibu, ni ile furaha.

Juzi nimesikia amerudi kununua viatu, nikamfuata Zhanxi. Nilimkuta kwenye lango la soko, mikokoteni inampita kulia na kushoto, anabishania bei ya makubadhi. Akanitazama toka kisigino mpaka utosi.

"Mkuba, leo umeamka na Kiswahili?"

"Dada Shifa, nisamehe."

"Mimi? Mimi ulininyima jibu tu. Kaombe kwa mwenye ngoma yake."

"Ndiyo naandika. Naomba unifikishie."

Alinielekeza gunia la viatu kwa kidevu. Nimelibeba kutoka ghorofa ya nne mpaka barabarani, nimerudi nikabeba la pili, naye anashuka nyuma yangu anaongea na simu kama aliyefuatana na punda. Chini ndipo akaniruhusu nimletee bahasha kesho, kabla hajasafiri. "Usidhani tumemalizana," akasema, "umebeba mawili tu, nina manane."

Nimebeba manane.

Niambie nifanye nini, nitafanya. Ngoma ile sijaigusa toka barua yako ifike. Laoban anauliza, namwambia bega.

Mwanao,
Sufian


Makorora, Tanga
8 Julai 2025

Sufian,

Marahaba. Mimi sijambo. Shifa amefika, amenikabidhi barua kwa mikono miwili na kuniita mama. Ningependa angenitukana.

Unaniuliza ufanye nini. Nyamaza. Ukisema ukweli, kwamba nilikushika mkono mtoto wa kiume nikakufundisha, wananipokonya msondo na hakuna mzazi atakayeniletea mwanawe tena. Ukisema uongo utakuwa umerudia yaleyale, ila kwa Kiswahili. Acha kuipiga, funga mdomo, waache wakae. Wana hasira, hawana ushahidi, na wengi wao niliwacheza mimi mwenyewe walipokuwa wari. Huenda wakaona haya kunihukumu.

Nakula vizuri. Usiwe unauliza kila mara.

Shangazi yako,
Chausiku


Xiaobei, Guangzhou
30 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, na ikiwezekana umeshakula. Mimi mzima kwa mwili.

Uliniambia ninyamaze na sikunyamaza. Video itakuwa imekufikia kabla ya karatasi, kwa sababu Shifa ameituma kwenye magrupu yote ya kina mama wa Tanga, lakini nataka uisikie kwangu pia. Nilikaa chumbani kwa Clément mchana, nikavaa kanzu, yeye akashika simu. Nikasema: mimi ni Sufian wa Makorora, si Mkuba, babu yangu alikuwa karani wa reli. Ngoma mliyonisikia napiga si yangu. Niliiiba. Nilikuwa mtoto mtundu, nikatoboa makuti ya ua nikachungulia siku mbili, na shangazi yangu hakujua mpaka leo. Aliyekosa ni mimi peke yangu. Nikaomba radhi kwa kina mama wote, mmoja mmoja, kwa kadiri ya majina niliyokumbuka.

Ni uongo, najua. Lakini katika uongo wangu wote huu ndio wa kwanza ambao haukunipatia kitu.

Clément alifuta macho halafu akaharibu. "Mon vieux, mzee wangu, hiyo kanzu inakubana, utafikiri umeiiba nayo."

Nikaona nisimwachie laoban ayasikie kwa watu. Nikamkuta anakula tambi. Nikamwambia, laoban, mimi si Mkuba. Akamaliza bakuli, akavuta droo, akatoa karatasi. Nakala ya pasipoti yangu, Tanzania kubwa juu.

"Kibali chako cha kukaa nakisaini mimi kila mwaka," akasema. "Unadhani nasaini nimefumba macho?"

"Mbona miaka yote hukusema?"

"Nilidhani unaogopa wateja. Kumbe ulikuwa unaniogopa mimi."

Yaani siku ile, Shangazi, Shifa amesimama mbele yangu na laoban hatua mbili pembeni, nilimkana mtu wa mtaa wetu kwa kumficha laoban jambo lililokuwa kwenye droo yake. Nilitaka sakafu inimeze, ila ni vigae vipya.

Nikaomba basi jina libadilishwe ubaoni, niandikwe Sufian. "Mei you," akasema, neno lao la kukwambia hakuna kitu kama hicho. Wateja hawasomi pasipoti. Jumatano niwahi, kuna sherehe, na bega nilitibu, watu wanaitaka ile ya peke yangu.

Sikwenda Jumatano. Sasa nafunga mizigo kwa Dullah. Mpiga tumba wa miaka thelathini na moja, mikono yote gundi ya utepe. Jumamosi mchana napiga kwenye ubatizo na harusi za Wakongo, kwa jina langu. Wanalalamika. Wanasema nina mkono wa Kikuba.

Kina mama wakishakaa, niandikie neno moja tu. Nitaelewa.

Mwanao,
Sufian


Makorora, Tanga
4 Januari 2026

Mwanangu Sufian,

Marahaba zako zote, na za barua mbili fupi ulizotuma Oktoba na Novemba nisizijibu. Sikuumwa. Goti ni lilelile. Nilikuwa sina namna ya kuianza hii.

Video yako kina mama waliitazama pamoja uani kwa Fathiya. Wengine walilia. Wengine walicheka ulivyowaomba radhi hata waliokwisha kufa. Wakasema, basi, alikuwa mtoto mtundu, watoto wangapi wamechungulia. Fathiya alishainuka kwenda kuniletea msondo. Nilimwona ameukumbatia mlangoni.

Ndipo Bi Mwanjaa akaomba simu. Unamkumbuka, ndiye aliyenifundisha mimi, sasa ana miaka themanini na sita na macho yanamwonyesha vivuli. Hakutaka video ya kanzu. Alitaka ya shati la maua. Akaisogeza mpaka puani. "Rudisha," akasema. "Rudisha tena. Tena." Kisha akasema taratibu, kama anayeuliza chumvi: "Mwenye kuchungulia kwenye tundu huona mgongo wa mpigaji. Huyu kafundishwa kwa kushikwa mkono. Na hicho kisigino cha kiganja, Chausiku, ni mimi niliyekupa."

Kumbe umenitetea kwa mdomo wakati mkono wako ulishasema kila kitu.

Ningeweza kukana. Maneno nilikuwa nayo, nilikwishayapanga toka Mei. Lakini nilikumbuka ile furaha yako ya kupumua mara mbili, nikajua na mimi ndiyo niliyokuwa nayo muda ule Fathiya amesimama na ngoma mlangoni.

Nikawaambia. Nikawaambia na lile ambalo hata wewe hulijui. Mwenye chapuo hakuumwa. Mimi ndiye niliyemwambia asije. Nilikuwa nimekusikia wiki nzima unapigapiga debe na kijiti, mtoto wa miaka minane, na kila ulipokosea ulikuwa unarudi mwenyewe kutafuta ulipokosea. Sina mtoto niliyemzaa. Nilitaka kuiona mikono yangu kwa mtu mwingine, na wasichana niliokuwa nafundisha wakati ule walikuwa na mikono ya kufulia. Yako ilikuwa mizuri. Basi nikaichukua, nikakufundisha kisichokuwa chako, halafu nikakuapisha wewe kana kwamba mkosaji ni wewe. Miaka yote nimeona fahari na aibu mahali pamoja, na sikuwahi kuzitenganisha. Kwa hiyo hiyo aibu usiibebe yote. Nusu ni yangu, na ilitangulia.

Hawakunifokea. Walininyima hata hilo. Msondo amepewa Fathiya. Wari wangu wamegawiwa. Mimi nimeruhusiwa kuingia kama mgeni.

Ya laoban wako nimeyacheka peke yangu jikoni, halafu nikaacha kucheka.

Usinijibu barua hii. Nikiwa na neno nitakuandikia mimi, na nisipokuandikia, usipige simu. Sijakasirika. Nataka kukaa kwanza. Lakini nakueleza ya Desemba, kwa kuwa hakuna mwingine nitakayemweleza akanielewa.

Walichezwa saba. Niliwekewa kiti cha plastiki karibu na mlango, kwenye safu ya mama wa waalikwa, nikapewa soda. Binti wa mdogo wako alikuwa wa tatu. Fathiya alianza vizuri, ana nguvu na ana moyo. Akafika pale, wewe unapajua. Kisigino kikawahi. Vidole vikafika pamoja nacho badala ya kuchelewa. Wari wakapoteza mguu, wakagongana. Fathiya akarudia, akakosea vilevile. Binti wa mdogo wako akainua uso ndani ya kanga, akaanza kuangalia huku na huku, mpaka akaniona.

Kina mama wakageuka. Wote, hata Bi Mwanjaa na macho yake yale. Hawakuwa wananikataza na hawakuwa wananiita. Walikuwa wananitazama tu.

Mikono yangu ikaanza kuipiga yenyewe mapajani. Niliiona inavyoanza. Nikaiingiza chini ya mapaja, nikaikalia, nikaikodolea macho chupa ya soda mpaka Fathiya akamaliza kuikosea.

Shangazi yako,
Chausiku